Msumari wa Mama Mkwe

Pamela aliamkia kisanduku kwanza, ndipo akamwamkia bibi yake.

"Shikamoo," alikiambia, shingo ameinua, mikono ameiweka nyuma kama walivyofundishwa shuleni.

Kisanduku hakikuitika. Kilikuwa cheupe, kikubwa kuliko Biblia kidogo, kimetundikwa kwenye ukuta wa jiko usawa wa pua ya mtu aliyekaa kwenye kigoda. Ubavuni kilikuwa na kijitaa. Hewa ikiwa safi kijitaa kiliwaka kijani, moshi ukizidi kiligeuka chekundu, na katika jiko la Elinipendo kilikuwa chekundu tangu kuni zinaposhika mpaka majivu yanapopoa.

"Hicho si mtu," Elinipendo alisema. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga anapuliza, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima na kuni zilizobaki zilikuwa mbichi, za mgrevilea aliokata Jumamosi. Zilitoa povu kwenye ncha, na moshi wake ulikuwa mzito, wa njano, ukipanda na kuganda chini ya bati.

"Lakini kinakaa mahali pa bibi mkubwa."

Hapo mtoto alisema kweli. Msumari ule aliupigilia mama mkwe, Bibi Ndelilio, kwa mkono wake mwenyewe, na kwa miaka mingi ulibeba picha yake: amejifunga kitambaa cha akina mama wa usharika, hacheki. Alikufa kabla Pamela hajazaliwa. Alikufa kwa kifua, amekaa kwenye kigoda hicho hicho, mwiko mkononi. Watu wa kampuni walipokuja kupima walitafuta mahali pa kutundika chombo chao, wakaona msumari uko pale pale walipopataka. Kijana mmoja akaishusha picha, akaipangusa kwa mkono wa shati, akamkabidhi Elinipendo kwa adabu zote. Tangu siku hiyo picha ilikaa chumbani, imegeuziwa ukuta, kwa sababu kila Elinipendo alipoigeuza upande wake alihisi anaulizwa jambo.

Pamela akakohoa. Kikohozi kifupi, kingine kifupi, halafu mvuto mrefu wa pumzi uliokwama njiani.

Elinipendo aliacha kupuliza. Mtoto huyu hakuwahi kumwona bibi mkubwa wala kumsikia. Alijifunzia wapi kukohoa kwake?

"Kunywa uji," alisema. "Utachelewa."

Watu hao wa kampuni kijijini waliitwa watu wa gesi. Ilikuwa kampuni ya nishati yenye ofisi Moshi mjini, na wakubwa wake wakikaa mbali zaidi ya hapo, na ilikuwa ikifanya utafiti wa kupikia kwa gesi ya samadi. Nyumba iliyoingia ilichimbiwa mtambo uani: shimo lililofunikwa kwa kuba la saruji, samadi inaingia upande huu, mabaki yanatoka upande ule, na mpira unapeleka gesi jikoni. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Eliezeri, aliwaeleza watu mkutanoni kwamba moshi utakaopungua hapa utapimwa, na kipimo hicho kitanunuliwa na viwanda vya ng'ambo vinavyotaka ruhusa ya kuendelea kutoa moshi wa kwao. Watu walicheka. Wale waliowahi kuuza kahawa hawakucheka sana.

Kabla ya mitambo walipita kupima nyumba kwa nyumba. Elinipendo aliambiwa asubuhi kwamba wageni watamfikia mchana. Sasa, mwanamke aliyelelewa kwenye migomba ya huku hawezi kumpokea mgeni jiko likiwa baridi; afadhali akutwe hana viatu. Jiko baridi ni kusema humu hamna watu, au wapo na hawataki kutembelewa. Kwa hiyo aliukoka moto wa heshima. Alikuwa pia na ndizi mbivu za mbege, pombe ya kipaimara cha mtoto wa jirani, akaweka pipa juu ya mafiga, akasokomeza magogo ambayo kwa siku nyingine yangemfikisha mwisho wa juma. Wageni waliingia wakiziba pua na kucheka kwa aibu. Akawakalisha, akawapa kiburu cha ndizi na maharage na maziwa ya mgando, na alipoona wanapangusa macho akadhani ni shibe. Kisanduku kikawasha wekundu wake wa kwanza.

"Mama, hapa nyumbani kuna mtu anakohoa?" kijana wa kisanduku aliuliza. Aliitwa Ronald, mwenyeji wa Kilema, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyelelewa na bibi.

Nani angewajibu wageni kwamba nyumba yake ina kifua? Kifua ni neno la kunong'onezwa. Likitajwa, watu huanza kukumbuka waliokufa humo na walivyokufa, na wasichana wa nyumba hiyo hawaposwi. Pamela alikuwa ameanza kukohoa kwenye baridi ya Julai, lakini saa hiyo alikuwa shuleni.

"Hapa hatuna mgonjwa," alisema Elinipendo, akawaongezea maziwa.

Kwa moto ule na jibu lile akawa amejichagulia. Baadaye Ronald alirudi kumweleza, macho kwenye viatu vyake. Utafiti unahitaji nyumba za kulinganisha, zitakazoendelea kupikia kuni kama zamani, ili ionekane gesi imepunguza moshi kiasi gani. Na katika vitongoji vyote walivyopima, hakuna jiko lililotoa moshi kama lake, tena katika nyumba isiyo na mgonjwa.

"Nyumba yako ni muhimu sana, mama. Wenzako watapimwa kwa nyumba yako. Utafiti ukiisha na wewe unachimbiwa mtambo. Ni mwaka mmoja tu."

Mwaka uliisha. Wakaongeza mwingine.

Yuditha, Mama Fabian, jirani wa ng'ambo ya mfereji, alipata mtambo. Siku ya kupima alikuwa gulioni Sanya Juu, amesahau kabisa habari za wageni, na jiko lake lilikuwa na majivu matupu. Lakini Yuditha alikuwa na ng'ombe mmoja, mtambo ukilala njaa. Kwa hiyo kila asubuhi Elinipendo alizoa samadi ya ng'ombe wake, akajitwika ndoo, akavuka mfereji, akaimwaga kwenye shimo la mwenzake. Hakuna aliyemlazimisha. Ujirani ni ujirani. Kisha alisimama mlangoni kidogo akiangalia ule mwali wa buluu ukichemsha chai bila kelele, kuta nyeupe, Yuditha akipika na gauni la kanisani bila wasiwasi.

"Samadi ya ng'ombe wangu hiyo," alimtania. "Kwako inapika, kwangu inanuka."

"Ukitaka nikurudishie, nikurudishie nini, Mama Calvin? Harufu?"

Walicheka. Halafu Yuditha akaacha kucheka. "Mwache Pamela awe anakula hapa. Hata kulala alale. Kifua cha yule mtoto kinanitisha."

Ndiyo mara ya kwanza mtu kulisema neno lile mbele yake. Elinipendo alitaka kukasirika akashindwa. Calvin, mwanawe, baba yake Pamela, alikuwa akipakia malori mpakani Holili na kuonekana Krismasi; mama wa mtoto alikwisha olewa kwingine. Huyu mjukuu ndiye aliyebaki naye, yeye na ng'ombe. Alifunga nguo za mtoto kwenye khanga, akavuka mfereji.

Kikohozi kilipungua. Kwa majuma kadhaa Pamela alirudi kutoka shuleni akikimbia, jambo ambalo hakuwa ameliweza tangu masika iliyopita. Ila sasa Elinipendo alianza kukisikia nyumbani. Alikuwa akikata majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba, mchana kweupe, mtoto hayupo, akasikia kikitoka jikoni: kifupi, kifupi, kisha ule mvuto. Akaingia na panga mkononi. Kigoda kilikuwa kitupu. Ng'ombe alikuwa akicheua nyuma ya ukuta, na alijiambia kwamba ni ng'ombe. Kijitaa kilikuwa kijani na kilimtazama.

Ronald alimkuta Pamela jikoni kwa Yuditha, akifanya kazi ya shule mezani. Alivuka mfereji kwa haraka, suruali imelowa mpaka magotini.

"Shikamoo mama. Mama, hili hapana. Nyumba mbili hazitakiwi kuchanganyika."

"Zimechanganyikaje? Mtoto anakula ugali."

"Yeye ni wa nyumba ya kuni. Akihamia kwenye gesi, matokeo ya nyumba zote mbili yanaharibika. Wakaguzi wa mazingira wanakuja mwezi ujao. Wakigundua wanazifuta zote, ya kwako na ya Mama Fabian."

Jioni Yuditha mwenyewe alimrudisha mtoto, amemshika mkono, mkoba wa shule begani kwake. Alisimama nje ya mlango kama mtu aliyeleta kuku aliyeibwa na watoto wake.

"Mwenzangu, wakiung'oa mtambo?" alisema, akaanza kulia. "Macho yangu yalikuwa yanakwisha, unajua. Nilikuwa sioni sindano."

Elinipendo alijua. Alitafuta moyoni mwake pa kumlaumu, asipaone, na hilo lilimuuma zaidi.

Mvua zilipoongezeka kifua kilirudi na ndugu zake. Alimbeba Pamela mgongoni mpaka barabarani, akampeleka hospitali mjini. Daktari alikuwa kijana, amechoka, akasikiliza mgongo wa mtoto kwa muda mrefu kuliko ilivyompendeza bibi.

"Mnapikia nini nyumbani?"

"Kuni."

"Huyu asikae na moshi. Hata kidogo. Nasikia huko kwenu kuna mradi mzuri sana wa gesi."

"Upo," Elinipendo alisema.

Aliporudi alihamisha mafiga. Alichagua pembe ya kihamba, shamba la ukoo, kati ya migomba, akaezeka vijiti na majani makavu juu, akapika hapo, Pamela akifungiwa chumbani na blanketi. Mvua ilizima moto mara nyingi kuliko ulivyowaka. Walikula ndizi nusu mbichi. Lakini mtoto alilala, na ndani ya jiko lenye giza na baridi kijitaa kilikaa kijani usiku na mchana. Elinipendo hakujali tena kuitwa mwenye jiko baridi.

Ronald akaja. Alisimama chini ya kibanda cha majani, maji yanamdondokea shingoni.

"Mama, ofisini kisanduku chako kinaonyesha hakuna mtu anayepika. Wameniuliza kama umefariki."

"Waambie bado."

"Mama."

"Ronald, mwanangu, kaa." Alimsogezea gogo. "Siku ile nilidanganya. Mtoto anakohoa. Alikuwa anakohoa hata kabla hamjaja. Na moto ule si moto wangu wa kila siku, niliwasha kwa ajili yenu. Mlikuwa wageni. Andika hivyo."

Kijana alikuwa na bibi Kilema. Alielewa moto ule barabara, na uso wake ulionyesha.

"Nikiandika hivyo," alisema mwishowe, "kipimo cha mwanzo kinaanguka. Wakubwa wameshaahidi wanunuzi kwa kipimo kile. Kikianguka, hakuna kitakachonunuliwa, na mradi unafungwa. Mitambo ikiharibika hakuna wa kuitengeneza."

"Basi andika nichimbiwe wa kwangu."

"Sina uwezo huo, mama. Mkataba wangu wenyewe unaisha Juni."

Alipoondoka hakuaga vizuri. Elinipendo alimwona akisimama mbele ya mlango wa jiko, akichungulia kile kijitaa cha kijani, kisha akashika njia.

Kesho yake akaja Mzee Eliezeri. Hakuja kama mwenyekiti. Alikuja kama shemeji, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Bibi Ndelilio na sauti ya ukoo katika kila jambo la kihamba kile tangu kaka yake, mume wa Elinipendo, alipofariki. Alikaa, akapewa chai, akaisifia.

"Shemeji, nasikia umehamia porini."

"Nimehamia kwenye migomba. Daktari kakataza moshi."

"Daktari hajui mambo yetu. Wewe unajua mitambo ya kijiji kizima imekaa juu ya moshi wako? Akina Mama Fabian, mchungaji, shule yenyewe wameahidiwa. Unataka wanawake wote warudi kwenye kuni kwa ajili ya jiko moja?"

"Jiko moja wapewe gesi, shemeji. Ndiyo ninalotaka. Kitu kidogo tu."

Chumbani Pamela akakohoa. Kifupi, kifupi, halafu mvuto.

Kikombe cha Eliezeri kilisimama kabla hakijafika mdomoni. Kwa dakika nzima alikuwa mtoto aliyesikia akiitwa nyumbani.

"Nani huyo?"

"Pamela."

Aliangalia chumbani, akaangalia jiko, akainamisha kichwa. Elinipendo alisubiri. Alifikiri, sasa amesikia, sasa hawezi kusema tena.

"Mama alikohoa miaka mingi," Eliezeri alisema polepole, "na alitulea wote."

"Na alikufia humo."

"Kihamba hiki ni cha ukoo, shemeji. Kaka alikuacha ukitunze. Hakukuacha ukivuruge." Akamalizia chai yake yote, akageuza kikombe kuonyesha ameridhika. "Usinifanye niitishe kikao."

Kuanzia hapo alikoka moto mara mbili. Mmoja kwenye migomba, wa kupikia. Mwingine ndani, kwenye mafiga matupu, bila sufuria, wa kisanduku. Aliwasha, akatoka, akafunga mlango, akakiachia kisanduku moshi wake. Watu wa zamani wa mlima huu walikuwa wakiwamwagia wafu wao mbege chini ya isale, ule mmea wa makaburini. Wachungaji wakaja wakakataza, na Elinipendo, mwana wa usharika, alikubaliana nao. Lakini hakuna mchungaji aliyekuja kukataza hii. Alikipelekea moshi asubuhi, akakipelekea jioni, na kila alipofungua mlango kukagua alikikuta chekundu, kimeshiba.

Kuni zilimwishia. Mbao za dari ambamo ndizi ziliivishwa aliziteremsha akazichoma. Akachoma na ngazi. Na ukuta kati ya jiko na chumba ulikuwa umeishia njiani, haukufika batini, kama kuta za nyumba zote za zamani; moshi ulipanda, ukapita juu yake, ukamshukia mtoto kitandani. Alijaza pengo kwa magunia. Moshi ulikawia kidogo tu.

Wanunuzi walipokuja kujionea, walikuwa watatu, pamoja na mkaguzi wa mazingira na meneja wa utafiti, Dada Violet, aliyetoka Dar na viatu vya kupandia mlima. Walianzia kwa Yuditha. Wakapiga picha mwali wa buluu, wakapiga kuta, wakampiga picha Yuditha na gauni lake. Kisha wakavuka mfereji.

"Shikamoo mama," Violet alisema, akamshika mikono yote miwili. "Tumesikia mengi kuhusu wewe. Hatutaki kukusumbua. Tunaomba tu hali ya kawaida, kila mtu akae anapokaaga."

"Humo hatukai tena. Daktari..."

"Leo tu, mama. Kidogo tu, wapate picha."

"Na mtoto asiwepo."

Violet alimgeukia Ronald. Ronald akageukia migomba. Mzee Eliezeri, aliyekuwa amevaa koti la mikutano, alisafisha koo lake taratibu.

"Shemeji," alisema.

Basi moto ukawashwa. Pamela alitolewa kitandani akavishwa sweta la shule, akaketishwa kwenye kigoda, chini ya msumari. Wageni waliingia wamejifunika pua kwa vitambaa vyeupe walivyokuja navyo mfukoni. Kamera ikalia. Mmoja, mama mwenye mvi, aliinama mbele ya mtoto, na Pamela, kwa kuwa alikuwa mtoto wa adabu, akasimama, akaweka mikono nyuma.

"Shikamoo."

Mgeni akacheka kwa upendo. Hakuitika, hakuna aliyemfundisha. Pamela akaanza kukohoa, na safari hii kikohozi hakikukoma, akashika ukuta, midomo ikageuka rangi ya zambarau.

Hapo Elinipendo alipiga moyo konde. Alisema mbele ya wote, kwa sauti, kwa Kiswahili cha kanisani ili asikosewe hata neno moja.

"Mjukuu wangu anakufa kwa moshi huu. Nilisema hatuna mgonjwa. Nilidanganya, nilikuwa naona aibu. Daktari amekataza. Nawaomba mtuache tuzime moto, au mtupe gesi kama wenzetu. Naomba mumwambie huyu mama hivyo."

Violet aliangalia moto. Kisha akamgeukia mgeni, akasema kwa Kiingereza, kwa tabasamu la huruma, maneno ambayo yalikuwa machache kuliko ya Elinipendo.

Mama mwenye mvi aliweka mkono kifuani. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, ya moshi au ya lingine. "Asante sana, mama," alisema kwa Kiswahili, taratibu, akitafuta kila silabi. "Asante. Asante." Wenzake wakapiga makofi. Eliezeri akapiga pia.

Elinipendo hakujua Kiingereza. Lakini alijua kwamba mtu hapigiwi makofi kwa maneno aliyoyasema yeye. Alimtafuta Ronald, aliyejua lugha zote mbili. Ronald alikuwa amesimama mlangoni akichuma utando wa masizi kwenye fremu, anauchuma na kuufuta kwenye suruali, anauchuma na kuufuta.

Pamela alizikwa juma lililofuata, mchana, karibu na bibi mkubwa. Calvin alifika kutoka Holili na nguo za kazini na hakumsemesha mama yake. Eliezeri mwenyewe alichomeka isale kwenye kichwa cha kaburi, akalia kwa sauti, na kilio chake kilikuwa cha kweli.

Akina mama wa kijiji wote walikuja kupika chakula cha matanga. Mwali wa gesi haubebi sufuria la msiba. Kwa hiyo walikuja na kuni kichwani, kila mmoja mzigo wake, hata wale ambao hawakuwa wameshika kuni tangu wapate mitambo, na wakajaa katika jiko la Elinipendo kwa sababu ndilo lililobaki na mafiga makubwa. Yuditha alikuwa wa kwanza. Alipiga magoti akapuliza mpaka macho yake mabovu yakavimba, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike. Walipika machalari ya ndizi na nyama, walichemsha chai, walichemsha ndizi za mbege. Moshi ulitoka mlangoni, ulitoka madirishani, ulipita chini ya bati ukatanda juu ya migomba na juu ya kaburi jipya.

Ronald alikuja na rambirambi ya kampuni: mchele, sukari, na kadi yenye picha ya mlima. Alimpa mkono Elinipendo, akashindwa kuuachia.

"Pole, mama. Pole sana."

"Asante."

Aliendelea kusimama. Mfuko wa koti lake ulikuwa umetuna.

"Ofisini wanasemaje?" Elinipendo aliuliza.

"Wanakupa pole."

"Na kingine?"

"Wanasema kipimo cha nyumba yako kimepanda. Hakijawahi kufika hapo. Wanauliza mama anapika nini."

"Waambie ni msiba."

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wamesema kisizimwe." Akatoa mfukoni betri mpya, ikiwa bado kwenye karatasi yake.

Akina mama walimpisha. Alipita katikati yao ameinama, akikohoa, akafika ukutani, akafungua kisanduku, akatoa betri ya zamani akaweka mpya. Kwa muda mfupi kijitaa kilizimika na jiko likawa jiko tu, la wanawake na sufuria. Halafu kikawaka, chekundu.

Ndipo kikasikika, kutoka chini ya msumari. Kifupi, kifupi, halafu mvuto mrefu uliokwama njiani.

Wanawake walitazamana nyuso, kila mmoja akitafuta mwenye kifua. Wote walikuwa wamesimama. Kigoda kilikuwa kitupu, hakuna aliyetaka kukikalia tangu asubuhi. Nje, kwenye viti vya wanaume, Mzee Eliezeri aliweka kibuyu chake cha mbege chini na kuuliza, "Nani huyo?"

Elinipendo aliingia. Alichukua gogo kwenye mzigo wa Yuditha, mbichi, bado lina majani, akalisukumiza katikati ya mafiga mpaka likatoa povu. Kisha akasimama mbele ya ukuta, akainua shingo, akaweka mikono nyuma.

"Shikamoo," alisema.

Akangoja. Wanawake wakangoja naye, na Ronald, betri ya zamani mkononi. Kisanduku hakikuitika. Kilikuwa chekundu, na moshi uliendelea kupanda.